Mbuzi wa Mama Monique

Mama Martine hakubisha hodi. Alisukuma lango la mabati, akapita kando ya mbuzi, akasimama mbele ya Adèle aliyekuwa akichambua maharagwe, na bila hata salamu akauliza:

"Mama Joëlle, juu ya nini ni mutoto yangu njo anakufa?"

Adèle alishtuka hadi ungo ukamtoka mapajani. Bunia, mwaka ule wa 2003, swali kama hilo halikuwa la kuchezea. Watu walikuwa bado wanarudi mmoja mmoja kutoka kambi ya uwanja wa ndege, na kila nyumba ilikuwa na habari ambayo iliomba isiifikie.

"Dany? Dany amekufa?"

"Bado. Anakufa dimanche, saa tisa. Bwana yako aliandika mu kaye."

Adèle akashusha pumzi, akaanza kuokota maharagwe. Kumbe ni ile tamthilia ya Jumapili. Mumewe, Mwalimu Anselme, alifundisha Kifaransa katika shule ya sekondari ambayo tangu mapigano ya mwezi wa tano haikuwa na wanafunzi, madawati wala paa. Kwa miezi miwili alikaa kizingitini ameshika tama, ndevu zikiota zitakavyo. Kisha siku moja akaomba kaye, daftari la shule, kwa jirani, akaanza kuandika. Zamani, alipokuwa akisoma Kisangani, profesa mmoja kutoka Togo aliwafundisha tamthilia za pwani ya magharibi: wafalme, ngoma, miungu yenye kiu, na mtu mmoja anayetolewa damu yake ili mji mzima upone. Anselme hakuisahau. Sasa alikuwa amenyoa ndevu, na kila alasiri uani kwake vijana kumi walikuwa wakipigiwa kelele watamke vizuri.

Adèle alifurahi, tena sana, ingawa hakumwambia. Hata aliposikia shuka lake la maua litakuwa joho la mfalme, alinyamaza. Sauti ya mumewe ikifoka ilimrudishia nyumba yake.

"Baba Joëlle!" akaita. "Kuya uzungumuze na Mama Martine."

Anselme alitoka akiwa na taji mkononi. Alikuwa amelikata kutoka bati la mafuta ya msaada, na maandishi ya kukataza kuuzwa yalikuwa yanasomeka vizuri kabisa upande wa paji la uso.

"Mama Martine," alisema kwa upole wa kimwalimu, "Dany ni victime, ile mutu ya sadaka. Ile njo rôle ya kubwa kupita zote. Bila yeye, hakuna tragédie."

"Basi ile ya kubwa umupatie mutoto ya Solange."

Anselme alifikiri kidogo, akaandika kitu kwenye kaye. Mama Martine akaenda zake akiwa ameridhika, na mbuzi akamsindikiza hadi langoni akitafuna ncha ya kitenge chake.

*

Kesho yake walifika wawili, Mama Martine na Mama Solange. Hilo lenyewe lilikuwa jambo la kushangaza. Mama Martine alitoka kabila moja na Mama Solange kabila lingine. Sitayataja, aliyekuwa Bunia anayajua, na asiyeyajua ana bahati yake. Tangu mwezi wa tano wanawake hao walikuwa wakikutana kisimani kama watu wasio na macho. Sasa walikuwa wamesimama bega kwa bega uani kwa Adèle, wote wamejifunga vitenge kiunoni, tayari kwa vita.

"Mwalimu," alianza Mama Solange, "niliambiwa Hubert yangu anachinjwa."

"Ndiyo, Mama. Ni heshima..."

"Na mwenye kumuchinja ni nani?"

Anselme akatazama kaye yake kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa na mtu mwingine. "Ni Dany. Dany njo kuhani."

"Unaona?" Mama Solange akamgeukia Mama Martine.

"Naona vizuri," alijibu Mama Martine. "Mwalimu, weye uko na akili kweli? Dany achinje Hubert? Hapa Bunia? Mbele ya batu? Jana mutoto yangu alikuwa anakufa, leo ni muuaji. Heri ya jana!"

"Kisu ni ya mbao," alisema Anselme.

"Kisu ni ya mbao, lakini macho ya batu haiko ya mbao."

Walikubaliana kila neno. Tangu mwezi wa tano hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana, na walipoondoka walipitia lango moja, wakisukumana kidogo tu.

Ikafika Jumatano, na tamthilia haikuwa na mfu wala muuaji. Anselme akamwendea Paluku, muuza sabuni na dagaa, mtu wa Butembo, asiyekuwa wa upande huu wala ule. Paluku alisikiliza hadi mwisho, akachukua muda kupanga mikebe yake.

"Mwalimu, nitakuwa victime. Lakini nisikufe."

"Paluku, victime anakufa."

"Basi hapana. Unaona, mimi niko mugeni hapa. Batu bakishazoea kuona namna ninakufa, siku ingine hawatashangaa."

Anselme alirudi nyumbani, akakaa kizingitini, akashika tama kama zamani. Adèle alimwona kutoka jikoni. Akawa anamtazama mumewe, kisha anatazama ua, kisha anamtazama mumewe. Na Anselme naye, polepole, akainua kichwa, akatazama mahali palepale mkewe alipotazama.

Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mpera, anakula ukurasa wa sehemu ya tatu ya tamthilia.

"Hapana," alisema Adèle kabla hajaulizwa.

*

Mbuzi huyo aliitwa Douanier, kwa kuwa hakuna mzigo uliopita mbele yake bila yeye kukata chake, kama wale wa forodha kwenye njia ya Mahagi. Alikuwa dume lililohasiwa, jeupe, lenye doa jeusi jichoni, na hakuwa wa Adèle. Alikuwa wa mama yake, Mama Monique.

Mama Monique alikuwa amemnunua akiwa mdogo na kusema wazi, mbele ya kila mtu, kwamba huyo ni mbuzi wa matanga yake. Kila asubuhi alimpapasa mgongo kuona kama ananenepa. "Bado," alikuwa akisema, "siwezi kufa na mbuzi ya mifupa. Batu batanicheka." Siku ya kukimbia, mwezi wa tano, miguu yake haikuweza njia. Anselme alimbeba mgongoni, jambo ambalo mkwe halifanyi hata usingizini. Mama Monique alijifunika uso kwa kitenge njia nzima kwa aibu, huku akimlaumu kwamba anatembea kama mtu anayeponda udongo wa matofali. Anselme akamwambia mkewe aburute sanduku la vitabu. Adèle aliangalia sanduku, akaangalia mbuzi. Wakafika uwanja wa ndege wakiwa na mbuzi.

Mama Monique alikufa siku ya tisa kambini. Walimzika asubuhi ndani ya blanketi, kwa nyimbo mbili, mvua ikinyesha, na kabla ya wimbo wa tatu milio ikaanza, kila mtu akalala chini. Hapakuwa na matanga. Adèle hakulia, hakupata nafasi. Aliapa kwamba mbuzi atachinjwa siku kaka yake mkubwa, Donatien, atakapofika kutoka Mahagi, maana matanga bila mtoto wa kwanza wa kiume si matanga. Njia ya Mahagi ilikuwa imefungwa. Adèle alikuwa akingoja, na mbuzi alikuwa akinenepa.

"Hakuna mutu atamuchinja," Anselme alikuwa akimsihi sasa, ameketi kando yake jikoni, jambo ambalo hakulifanya tangu walipooana. "Kuhani anainua kisu, pazia inaanguka, finish. Mbuzi anarudi kwa mupera."

"Sanduku ya vitabu pia haikurudi."

"Sanduku ni weye uliacha!"

"Na mama ni weye ulibeba. Najua." Adèle akakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Aliona jinsi suruali ya msaada ilivyomfikia mumewe katikati ya goti na kifundo, na jinsi alivyoshika kaye kwa mikono miwili. Akamhurumia, akajikasirikia kwa kumhurumia. "Unamurudisha mbuzi yangu na manyoya yake yote. Umesikia? Kama iko na manyoya moja imepungua, utalala na wafalme wako."

*

Paa la ukumbi wa parokia lilikuwa limekwenda na walioling'oa, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba tamthilia ichezwe hapohapo uani. Anselme alifanya kazi Jumamosi nzima. Alifunga turubai la kambini kutoka nyumba hadi mpera, jua lisichome watazamaji. Akaazima mabenchi kanisani. Akatandika mikeka kwa ajili ya wanawake wa jumba la mfalme, waliotakiwa kuketi chini, nywele wazi, vitenge viunoni. Akawasha moto katikati ya ua, kwa kuwa kuhani alihitaji moto. Na mwisho, akasimika matawi mawili marefu ya mchikichi langoni, moja kila upande.

"Ya nini?" aliuliza Adèle.

"Kule pwani ya magharibi, njo alama ya msitu mutakatifu. Mutu akiona matawi, anajua hapa miungu iko."

Adèle aliona kitu kinamkereketa moyoni kuhusu matawi hayo, lakini alikuwa na shuka la kukunja na mbuzi wa kuosha, akaliacha.

Jumapili saa tisa kasoro, watu thelathini walioalikwa walikuwa wameketi. Mama Martine alikuwa benchi la mbele upande wa kulia, Mama Solange la mbele upande wa kushoto, kila mmoja akimlinda mwanawe kwa macho, ingawa sasa Dany na Hubert walikuwa wapiga ngoma tu na kazi ya kuhani alipewa Paluku, aliyekubali kuua alimradi ni mbuzi. Adèle alisimama mlangoni mwa jikoni, kamba ya Douanier mkononi, akingoja ishara.

Tamthilia ilianza kama ilivyoandikwa, Anselme mwenyewe akiwa mfalme. Wanawake watano mkekani, Joëlle binti yake akiwa wa kwanza, wakashika vichwa na kupiga yowe la msiba wa mji.

Walikuwa wamefanya mazoezi vizuri mno. Yowe likapanda juu ya turubai, likavuka barabara, likafika hadi kisimani.

Wa kwanza kuingia alikuwa Muzee Ambroise, mwimbishaji wa misiba yote ya mtaa, mtu ambaye hakukosa matanga tangu enzi za Wabelgiji. Aliona matawi langoni, alama ya nyumba yenye msiba, akavua kofia. Aliona turubai, mabenchi, moto, wanawake chini, mbuzi kwenye kamba. Hakuhitaji kuambiwa. Akakata moja kwa moja katikati ya jukwaa, akamshika mfalme mkono kwa mikono miwili.

"Pole, Mwalimu. Pole sana."

Mfalme, aliyekuwa katikati ya sentensi ndefu ya Kifaransa, akainama na kumnong'oneza: "Muzee, hakuna mutu amekufa."

"Naelewa," alijibu Muzee Ambroise, machozi yakimlengalenga. "Hata miye, wakati bibi yangu alikufa, nilisema vile siku tatu."

Akaketi karibu na moto, akakohoa, akaanzisha wimbo.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Waliingia wawili wawili, kisha kumi kumi. Wanawake walileta kuni vichwani, unga wa muhogo kwenye mabeseni, sukari kidogo kwenye karatasi, sombe, yale majani ya muhogo, yaliyokwisha kutwangwa. Mmoja alileta sufuria kubwa, akauliza jiko liko wapi. Gari la doria la askari wa kigeni lilipunguza mwendo. Mkalimani wao akawaeleza maana ya matawi, na askari wawili wakampigia mfalme saluti. Mfalme akarudisha saluti kabla hajajizuia.

Alipanda juu ya benchi. Taji likamshuka hadi kwenye nyusi.

"Mabibi na mabwana! Musikilize! Hii ni tragédie!"

"Ndiyo, Mwalimu," ua wote ukaitikia. "Ni tragédie. Pole."

"Hapana! Nasema ni ya kuandika! Ni miye niliandika!"

"Masikini," alisema mwanamke mmoja, "anajilaumu."

Paluku, kisu cha mbao mkononi, aliona mambo yameharibika, akakificha chini ya shati na kuketi na waombolezaji, akaitikia wimbo kwa sauti nzuri ya besi ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo.

*

Wimbo ulipokwisha, Muzee Ambroise akasimama.

"Mwenye matanga asimame, ataje jina," alisema, kama ilivyo desturi.

Anselme alishuka kwenye benchi. Alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyevunja chungu cha watu. Alikuja hadi mlangoni mwa jikoni, shuka likiburuzika vumbini.

"Ingiza mbuzi ndani," alisema chini chini. "Ingiza, funga mulango. Nitabasimamisha. Nitabaambia niko wazimu, wataamini. Sasa hivi karibu wote wanaamini."

Adèle alikuwa akiangalia mabeseni ya unga. Alijua hali ya kila nyumba iliyotoa unga ule. Kwa wengine huo ulikuwa chakula cha kesho. Walikuwa wamekuja mbio kwa mtu wasiyemjua jina, na kuwarudisha na kuni zao vichwani lilikuwa jambo ambalo hakujua mtu anaanzaje kulifanya. Lakini Donatien? Donatien atasema nini njia ya Mahagi ikifunguka, afike akute kamba tupu? Na kama haifunguki? Mama Monique alikuwa pale chini ya udongo kando ya uwanja wa ndege miezi mitatu sasa, akingoja wimbo wa tatu.

Akavuta kamba. Douanier akamfuata hadi katikati ya ua, akachukua sombe kidogo kwenye beseni walilopita.

"Ni mama yangu," alisema Adèle. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ni Mama Monique. Alikufa kambini, mwezi wa tano. Hatukumulilia. Tulikuwa tumelala chini."

Muzee Ambroise akaitikia kwa kichwa, akafungua kinywa aanze wimbo, lakini Mama Martine alikuwa amesimama.

"Na Aaron," alisema. "Mukubwa ya Dany. Hata mahali alizikwa sijue."

Muzee akafunga kinywa. Upande wa kushoto, Mama Solange akashika goti lake kwa mkono, akainuka kwa taabu.

"Na bwana yangu Anaclet. Mutu ya bure kabisa, alikuwa ananipiga kelele kila siku. Lakini alikuwa wangu."

Watu wakacheka, na wakicheka wengine wakawa wanasimama. Majina yakaja kutoka kulia na kushoto, yakachanganyika, mtu asiweze tena kusema lipi ni la upande gani. Paluku alitaja mawili. Joëlle alitaja mwalimu wake wa hesabu.

"Ngojeni kidogo!" alipaza sauti Muzee Ambroise hatimaye, akihesabu kwa vidole na vidole vikimwishia. "Mbuzi ni moja! Nyama itatosha wote namna gani?"

"Itakuwa kidogo, Muzee," alisema Adèle. "Endeleeni."

Kisu cha mbao hakikufaa kitu. Kililetwa cha jikoni. Dany alishika miguu na Hubert akachinja. Mama zao walisimama wakitazama, mmoja huku, mmoja kule. Adèle aligeuza uso. Alisikia tu kamba ikilegea mkononi mwake, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni bila kujua anaihifadhia nini.

Kisha kuni zikakataa kushika. Zilikuwa mbichi, za watu waliokata walichokiona njiani, na moto wa kuhani ulikuwa umekwisha kufa wakati wa kutaja majina. Wanawake walipuliza hadi macho yakawa mekundu. Mafuta ya taa hayakuwepo mtaa mzima, na gome kavu halikuonekana.

"Hakuna karatasi humu ndani?" aliuliza mwenye sufuria. "Nyumba ya mwalimu?"

Adèle akasema haraka, "Hakuna. Zote ziliibiwa."

Lakini Anselme alikuwa amekwisha kukaa karibu na moto, amevua taji. Kaye ilikuwa magotini. Aliifungua, akatazama sehemu ya tatu, ile ambayo mfalme analia na ambayo hakuna mtu duniani aliyeisikia isipokuwa mbuzi, aliyeila nusu. Akachana ukurasa. Akausoma wote, midomo ikicheza. Akatoa biki mfukoni, akasahihisha kosa moja la tahajia, akautia motoni. Akachana wa pili.

Adèle alimwona akitafuta kosa kwenye ukurasa wa pili, akalipata, akalipigia mstari, akauchoma, na kicheko kikamtoka kabla hajakishika. Alicheka hadi akaketi chini mkekani katikati ya wanawake wa jumba la mfalme. Na alipokwisha kuketi, kicheko kikamgeuka mdomoni, na kilio alichokuwa amekibeba tangu mwezi wa tano kikatoka chote kwa sauti kubwa isiyokuwa na mazoezi.

Mama Martine, aliyekwisha kuketi hapo, akasogea kumpa nafasi. Mama Solange, upande wake wa pili, akasogea vilevile.